Jinsi ya kupunguza lagi ya turbo kwenye Subaru ya EJ20, hatua kwa hatua

Malalamiko huwa yale yale: "Nimeweka turbo kubwa, sasa chini ya mizunguko elfu nne gari halivuti." Mwenye gari ameshalipa turbo, amelipa fundi, amelipa mtu wa kompyuta, na bado akitaka kupita lori kwenye mlima anakanyaga na kusubiri. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni anunue kitu kingine.

Mimi nashauri kinyume chake. Katika magari mengi yaliyofanyiwa kazi, sehemu kubwa ya lagi, yaani huko kusubiri turbo ivute, haitoki kwenye turbo yenyewe. Inatoka kwenye hewa inayovuja, joto la moshi linalopotea njiani, na westigeti (kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo) inayofunguka kabla ya wakati. Hivyo vyote hurekebishwa kwa saa chache na pesa kidogo. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu ni muhimu: kwanza zuia unachopoteza, halafu rekebisha mipangilio, na mwisho kabisa ndipo ufikirie kubadilisha turbo.

Nimechagua EJ20 kwa sababu ndiyo injini iliyo chini ya boneti za Impreza WRX, Forester na Legacy nyingi zilizotufikia kutoka Japani. Mwenye injini ya 1JZ ya Toyota au 4G63 ya Mitsubishi anaweza kufuata hatua hizi hizi. Mabomba yamekaa pengine, lakini kazi ni moja.

Mambo mawili yanayochanganywa

Turbo huzungushwa na moshi wa injini na kusukuma hewa kwenye silinda; presha ya hewa hiyo ndiyo busti. Kila injini ina RPM (mizunguko yake kwa dakika) ambayo chini yake moshi ni haba mno: hata ukanyage mpaka mwisho na usubiri, busti haiji. Huo ni mpaka wa busti. Lagi ni kitu kingine. Uko juu ya mpaka huo, tuseme RPM 3,500, mguu umeachia, kisha unakanyaga ghafla. Muda unaopita kati ya mguu kushuka na geji kufika juu, huo ndio lagi. Moshi upo wa kutosha, ila shafti ya turbo inabidi iongeze kasi hadi zaidi ya mizunguko laki moja kwa dakika, na kitu chenye uzito hakikurupuki.

Ukijua ni lipi kati ya hayo mawili linalokusumbua, umeshaokoa pesa. Mpaka wa busti ukiwa juu mno, tatizo huwa ni ukubwa wa turbo, ujazo wa injini, gia au mwinuko wa mahali unapoishi. Busti ikija kwa RPM nzuri lakini inakawia kila unapoachia na kukanyaga tena, tafuta uvujaji, valvu na mipangilio.

Kuhusu mwinuko, wengi hawaupi uzito unaostahili. Mombasa na Dar es Salaam ziko usawa wa bahari, presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, presha ni kama 82. Kabla turbo haijaamka, injini inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na hewa hiyo ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Hewa ikipungua, mafuta yanapungua, moshi unapungua, na turbo inachelewa kuamka. Halafu kuna la pili: ili geji isome bar 1 ukiwa Mombasa, kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) inahitaji kuizidisha presha ya nje mara 2 hivi. Ili isome bar 1 ile ile ukiwa Nairobi, inahitaji kuizidisha mara 2.2, kwa hiyo lazima izunguke kwa kasi kubwa zaidi. Ukisoma kwamba mtu wa Uingereza mwenye turbo kama yako anapata busti kamili kwa RPM 3,200, usitarajie namba hiyo Nairobi, Eldoret au Mbeya. Anayeishi nyanda za juu achague turbo ndogo kuliko anayeishi pwani.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Bila rekodi utakuwa unarekebisha kwa hisia, na hisia hudanganywa na sauti. Ekzosi ikipiga kelele zaidi, dereva huapa gari limekuwa jepesi.

Subaru za miaka ya 2000 zinasomeka kwa kebo ya OBD na programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure. Rekodi vitu hivi: RPM, presha ya manifoldi ya hewa, nafasi ya throtali (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali), mpangilio wa westigeti, majira ya plagi, na marekebisho ya kompyuta injini ikigonga (mafuta yakijiwasha yenyewe kwenye silinda). Fanya kwenye dino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) kama ipo. Kama haipo, tafuta mahali palipofungwa pasipo na watu. Barabara kuu yenye bodaboda na matatu si mahali pa kupimia busti.

Fanya majaribio mawili. La kwanza: gia ya nne, kuanzia RPM 2,000, kanyaga mpaka mwisho na uache ipande. Andika RPM ambayo busti inafika bar 0.5, na RPM inayofikia kilele. Huo ndio mpaka wako. La pili: gia ya tatu, tulia RPM 3,500, kanyaga ghafla, na hesabu sekunde hadi busti ifike kilele. Hiyo ndiyo lagi yako. Rudia kila jaribio, kwa sababu moja pekee halitoshi kukupa picha. Tunza karatasi hiyo. Baada ya kila hatua utarudi kupima mahali pale pale, kwa gia ile ile, na ikiwezekana saa ile ile ya siku.

Ukiwa hapo, tazama pia magurudumu. Forester nyingi zimeinuliwa na kuvishwa tairi kubwa. Kutoka 215/60R16 kwenda 225/65R17, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 9, maana yake pale injini ilipokuwa RPM 3,000 sasa iko 2,750 kwa mwendo ule ule. Mwenye gari anasema turbo imelala, kumbe tairi ndizo zimemshusha chini ya mpaka wa busti. Hakuna spana itakayotibu hilo. Ni kushuka gia mapema, au kurudisha tairi.

Hatua ya 2: Tafuta hewa inayovuja

Hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Tengeneza kizibo: kipande cha bomba la PVC kinachoingia vizuri kwenye mpira wa kuingiza hewa kwenye turbo, kimefungwa upande mmoja, na katikati umetoboa ukaweka nozeli ya tairi. Ondoa ea klina na sensa ya hewa, chomeka kizibo pale mpira unapoanzia, kaza kwa klempu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha kompresa ya gereji yenye regyuleta na upandishe taratibu: anza bar 0.3, kisha 0.5, usizidi bar 1. Usisimame mbele ya kizibo, kwa sababu kikichomoka huruka kama risasi. Kabla hujaanza, chomoa mpira wa kupumulia injini unaoungana na bomba la kuingiza hewa na uzibe pande zote mbili, la sivyo presha itaingia kwenye oili na kusukuma sili.

Sasa nyamaza usikilize, halafu nyunyiza maji ya sabuni. Kwenye EJ20 ninapoanzia ni hapa:

Mpira unaounganisha intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na throtali. Klempu yake ya chini haionekani ukiwa umesimama. Pitisha kioo kidogo na tochi chini ya intakula: povu likijitokeza upande mmoja tu wa klempu, likavimba na kupasuka, mpira umekaa mshazari. Fungua, futa oili iliyotapakaa pande zote mbili, urudishe mkavu. Mpira wenye oili huteleza kila busti ikipanda, hata uukaze vipi.

Gasketi ya valvu ya kutolea hewa, pale inapokalia intakula. Anayebadilisha valvu hiyo mara nyingi hurudisha gasketi ile ile iliyokwisha kubonyea.

Mpira mrefu wa kuingiza hewa unaopita chini ya manifoldi kwenda nyuma kwenye turbo. Kwa umri wa magari haya, mpira huo umekuwa mgumu na una nyufa pale kwenye mikunjo. Kuubadilisha ni kazi ya siku nzima, na ndiyo sababu wengi wanajifanya hawajauona.

Ncha za intakula. Zile zenye vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwenye alumini huachia taratibu, bila kelele.

Ukimaliza mabomba makubwa, shuka kwenye mipira midogo inayokwenda kwenye aktueta ya westigeti, kifaa kinachosukuma kilango chake. Ndani ya mmoja wa mipira hiyo Subaru waliweka kijipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Kazi yake ni kupunguza hewa inayofika kwenye aktueta, ili solenoidi (valvu ya umeme inayoongozwa na kompyuta) iweze kuidhibiti. Fundi asiyekijua anabadilisha mpira, anatupa wa zamani pamoja na kijipande chake, na kuanzia siku hiyo solenoidi inashindwa kazi: busti inakuwa ndogo na inafika kwa uvivu. Kabla hujatupa mpira wowote mwembamba kwenye Subaru, ubonyeze kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukihisi kitu kigumu ndani, kihamishie kwenye mpira mpya.

Kumbuka pia kwamba injini hii hupima hewa kwa sensa iliyo mwanzoni. Hewa ikivuja baada ya turbo, kompyuta inaamini hewa hiyo imeingia kwenye silinda na inamwaga mafuta yake. Gari linakuwa na moshi mweusi, linakula petroli, na linavuta kwa uzito. Nimeona magari yaliyobadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta kwa dalili hizo, na shida ilikuwa klempu.

Hatua ya 3: Tafuta moshi unaovuja kabla ya turbo

Kinachozungusha turbo ni presha, joto na mwendo wa moshi. Kila tundu lililo kati ya silinda na turbo linamwaga nguvu hiyo barabarani.

Washa injini ikiwa baridi asubuhi. Ukisikia tiki-tiki-tiki inayofuata mwendo wa injini, na ikipata moto sauti inapungua au kupotea, chuma kimetanuka na kuziba ufa. Chunguza gasketi ya manifoldi ya moshi kwenye silinda hedi, kisha pale bomba linalopanda kwenda kwenye turbo, lile mafundi wanaliita apaipu, linapokutana na turbo. Alama ni masizi meusi yaliyotapakaa kama brashi kuzunguka flenji. Badilisha gasketi kwa ya chuma yenye tabaka kadhaa na tumia nati mpya, zilizolika hazishiki.

Baadhi ya EJ20 zina kataliti ndogo (kichujio cha kusafisha moshi) ndani ya apaipu hiyo. Inazuia moshi, na ikizeeka hubomoka. Vipande vyake vina njia moja tu ya kupita, nayo ni kwenye turbini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi. Kama yako inayo, badilisha apaipu kwa isiyo na kataliti kabla haijakuharibia turbo. Kataliti kuu iliyo baada ya turbo ibaki; hiyo ndiyo inayolinda mapafu ya watu unaopita karibu nao.

Hatua ya 4: Fungua njia baada ya turbo

Turbini inafanya kazi kwa tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake. Nyuma kukiziba, hata mbele kukiwa na nguvu, gurudumu linasita. Fungua sensa ya oksijeni iliyo baada ya turbo na kabla ya kataliti, funga geji ya presha mahali pake kwa adapta, na upandishe RPM. Geji ikipanda kwa kiasi cha kuonekana hata bila mzigo, kataliti imeziba.

Daunipaipu (bomba linalotoa moshi kwenye turbo) ya inchi 3 yenye kataliti inayopitisha vizuri huleta mabadiliko ambayo dereva yeyote atayahisi. Lakini ina sharti: baada ya kuifunga usikanyage mpaka mwisho kabla kompyuta haijarekebishwa. Turbo ndogo ya TD04 ina tundu dogo la westigeti, na moshi ukipata njia pana busti inaweza kupanda kupita kiwango hata westigeti ikiwa wazi kabisa. Hapo ndipo pistoni za EJ zinapovunjika.

Hatua ya 5: Lifungie joto ndani

Moshi wa moto una nguvu zaidi kuliko moshi uliopoa. Njia bora ni kupaka manifoldi na apaipu rangi ya seramiki ndani na nje. Ya pili ni blanketi la turbo. Kitambaa cha kuviringisha kinafaa kwenye bomba la chuma cha pua, ila kwenye manifoldi ya chuma cha kumimina hufungia joto hadi chuma kikapasuka. Na kama silinda hedi yako inavuja oili, kama zilivyo EJ nyingi, ziba uvujaji huo kwanza. Kitambaa kilicholoa oili juu ya bomba la moto ni moto unaosubiri kuwaka.

Hatua ya 6: Westigeti ibaki imefungwa mpaka ihitajike

Westigeti haifunguki ghafla busti ikifika kiwango. Huanza kuachia mapema, kidogo kidogo, na kila moshi unaopita pembeni ni moshi ambao haukuzungusha turbini.

Chomoa fimbo ya aktueta kwenye mkono wa westigeti. Sukuma mkono kwa kidole hadi ufunge kabisa, kisha linganisha tundu la fimbo na pini. Fimbo inapaswa kuwa fupi kidogo, ili uivute kuifikisha kwenye pini. Mvuto huo ndio unaoshikilia kilango kisiachie mapema. Ikiingia yenyewe bila kuvutwa, imelegea. Fupisha kwa mizunguko michache tu. Ukizidisha, busti ya chini kabisa itapanda na kompyuta haitakuwa na namna ya kuishusha. Tazama na kilango chenyewe: kwa magari yenye kilomita nyingi, pini yake huwa imelika na kilango kinakaa upande.

Solenoidi ya njia tatu, badala ya ile ya kiwandani ya kumwaga hewa, huiwezesha kompyuta kuinyima aktueta presha kabisa hadi dakika ya mwisho. Kwa bei yake, ni moja ya vitu vichache vya kununua ninavyovipendekeza bila kusita. Ila kompyuta lazima ipangwe upya kwa ajili yake, kwa kuwa namba za zamani hazitafaa.

Hatua ya 7: Kompyuta

Hapa mtu anayejua kazi yake anaweza kukushushia mpaka wa busti bila kubadilisha kifaa hata kimoja. Mwulize mambo matatu.

Majira ya valvu. Kama EJ20 yako ina AVCS, mfumo wa Subaru wa kubadilisha majira ya valvu, kuiwahisha kamshafti ya kuingiza hewa kati ya RPM 2,000 na 4,000 huongeza hewa inayojaza silinda, na kwa hiyo moshi. Toyota walionyesha jambo hili vizuri: 1JZ-GTE ya kwanza, yenye turbo mbili, ilifikia kilele cha mvuto, nyutoni-mita 363, kwa RPM 4,800. Mwaka 1996 wakaipa VVT-i, mfumo wao wa aina hiyo, na turbo moja, kilele kikawa nyutoni-mita 378 kwa RPM 2,400. Nusu ya RPM, mvuto mkubwa zaidi.

Mafuta wakati busti inapanda. Mipangilio mingi humwaga mafuta mengi mno mapema, kwa hofu. Mafuta ya ziada hupooza moshi. Kupunguza kidogo katika eneo lile la kupanda tu, kabla presha haijawa kubwa, huamsha turbo. Kwenye busti kamili usiguse. Huko mafuta mengi ndiyo kinga ya pistoni.

Oktani. Impreza WRX STI za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu, ambayo kule huuzwa ikiwa karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Injini ikigonga, kompyuta inarudisha majira nyuma na mvuto unakufa kabla turbo haijaamka. Kwa hiyo ipangwe kwa petroli unayoipata kila siku, si kwa ile uliyojaza siku ya dino.

Vile visanduku vya kuchomeka kwenye pedali havipunguzi lagi. Vinafungua throtali haraka zaidi kwa mguu ule ule, basi. Turbo haina habari navyo. Na valvu ya kutolea hewa nje, ile inayopiga "psii", inamwaga hewa ambayo sensa imeshaihesabu; kila unapobadilisha gia mafuta yanazidi kwa kitambo na busti inarudi kwa uzito. Irudishe hewa kwenye bomba kabla ya turbo kama kiwanda kilivyofanya.

Hatua ya 8: Intakula na mabomba

Intakula ya mbele hulaumiwa kuliko inavyostahili. Fanya hesabu: bomba la inchi 2.5 lenye urefu wa mita 3 lina ujazo wa kama lita 9.5. Injini ya lita 2 ikiwa RPM 3,000 inameza karibu lita 50 kwa sekunde. Hewa ya kujaza bomba lote ni ile ambayo injini inaimeza kwa moja ya tano ya sekunde. Unaihisi, naam, lakini haiwezi kuwa sababu ya kusubiri sekunde mbili. Ukihamia intakula ya mbele na lagi ikawa mbaya sana, rudi hatua ya 2: umeongeza viungo, na kimojawapo kinavuja.

Kwa nguvu farasi chini ya 300, mimi ningebaki na intakula ya juu. Kwenye foleni ya jiji inapata joto, lakini gari likienda inapoa, na njia yake ni fupi.

Hatua ya 9: Turbo yenyewe

Umefika hapa, umepima tena, na bado hujaridhika. Sasa tunaweza kuzungumzia turbo.

Uzito wa gurudumu katika kuzunguka hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake. Maana yake, gurudumu la umbo lile lile lililo kubwa kwa asilimia 10 tu ni gumu kuzungusha kwa asilimia 60 zaidi. Ndiyo sababu tofauti ya milimita chache kwenye katalogi huwa kubwa barabarani. Amua nguvu unayoihitaji kwa kweli, kisha chukua turbo ndogo kabisa inayoweza kuifikia. Kwa gari la kila siku la lita 2, TD04 iliyo nzima au moja ya turbo ndogo za kampuni ya IHI, familia ya VF, inatosha. Angalia pia A/R ya nyumba ya turbini (uwiano wa eneo la njia ya moshi na umbali wake kutoka katikati): namba ndogo inaamka mapema na kubana juu, namba kubwa ni kinyume chake.

Beringi za gololi hupunguza msuguano na zinasaidia lagi waziwazi, ila zinahitaji oili safi. Kwenye EJ nyingi, boliti ya bomba la oili la turbo ina kichujio kidogo ndani yake. Kikiziba, turbo mpya inakufa kwa kiu. Kisafishe au ukitoe unapobadilisha turbo, na badilisha oili kila kilomita 5,000.

Suluhisho zuri kuliko yote kwa EJ20 ni turbo ya njia mbili pamoja na manifoldi yake. Silinda za injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Kwenye manifoldi ya kawaida yenye mabomba yasiyolingana urefu, mipigo ya moshi inafika kwenye turbo ikiwa imebanana na kusukumana. Njia mbili zinaiunganisha silinda ya 1 na 2 upande mmoja, 3 na 4 upande mwingine, kila njia ikapokea mipigo iliyopishana sawasawa. Busti huwahi kwa mamia ya RPM. Bei yake ni ile sauti ya kunguruma inayowafanya watu wageuke gari likipita, kwa sababu sauti hiyo inazaliwa na mabomba yasiyolingana. Mwenye kuipenda aijue gharama yake. Subaru wenyewe waliamua: Forester XT yenye FA20 ina turbo ya njia mbili na hutoa nyutoni-mita 350 kuanzia RPM 2,000.

Kuhusu anti-lagi, ile milipuko inayosikika magari ya mashindano yakiingia kona za Naivasha wakati wa Safari Rally: mafuta yanawashwa kwa kuchelewa ili yawake ndani ya manifoldi na kuizungusha turbo hata mguu ukiwa umeachia. Inafanya kazi. Pia inachoma turbini, valvu na manifoldi kwa kasi ambayo timu ya mashindano inaimudu kwa kubadilisha vifaa mara kwa mara. Kwenye gari la kupeleka watoto shule haina nafasi, hata kama mtu wa kompyuta anakuahidi "ndogo tu".

Hatua ya 10: Pima tena, juu na chini

Rudia majaribio mawili ya hatua ya 1 na ulinganishe na karatasi yako. Namba zikiwa nzuri bado kuna jambo moja, na ni la lazima kwa gari lililopangiwa Nairobi. Huko juu, mtu wa kompyuta aliifunga westigeti zaidi ili kufidia hewa nyepesi. Ukishuka nalo pwani, hewa ni nzito, moshi ni mwingi, na mpangilio ule ule unaweza kuleta busti mapema na kuipitisha kiwango, tena kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Safari ya kwanza, chomeka kebo, simama Mtito Andei na tena Voi, utazame rekodi ya kilele cha busti na marekebisho ya kugonga. Kilele kikizidi ulichokubaliana naye, endesha kwa mguu mwepesi hadi Mombasa na umtumie rekodi hiyo aipangie upya.